Malaria ya Ijumaa

Akinyi mwanangu,

Kama unasoma barua hii, basi umeshafika Lodwar, umelala, umeamka, na umevaa koti lako jeupe la maabara, kwa sababu nimeificha katika mfuko wake wa kushoto, ule mama yako alioushona upya wiki jana. Nimefanya hivyo makusudi. Sikutaka uisome njiani. Basi lina mlango, dereva akiombwa husimama, na wewe una historia ya kushuka.

Shuleni tulifundishwa kwamba mwandishi wa barua huanza kwa kusema yeye ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwa anayeandikiwa. Hilo la afya yangu nitaliacha hadi mwisho. Hilo la wasiwasi ndilo lililonikalisha hapa.

Leo ni Ijumaa, saa nane mchana. Wewe na mama yako mmeenda Kombewa kumuaga nyanya yako, na najua mtarudi jioni na kuku ambaye hakuna mtu aliyemwomba. Nimekaa juu ya spika kubwa hapa sebuleni, ile ya kulia, kwa sababu ile ya kushoto inayumba. Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge mlango kwa kufuli. Mama yako amekuambia hayo mpaka paka anayajua. Nataka kukuandikia juu ya malaria zangu.

Watu wengine hupata malaria wakati wa mvua. Mimi niliipata Ijumaa. Alhamisi jioni ilikuwa ikipiga hodi magotini, na Ijumaa asubuhi imeshaingia ndani: jasho baridi, tumbo la kuendesha, mdomo mkavu, kichwa kizito, moyo unaruka kama kambare aliyetupwa ufukweni. Jumamosi jioni ilikuwa imekwisha kabisa, nami niko mezani namaliza ugali wa watu wawili. Miaka karibu thelathini, na hakuna siku hata moja niliyojiuliza hawa mbu wangu wamepata wapi kalenda.

Unajua kazi yangu, lakini hujui ilivyoanza. Nilinunua spika mbili na jenereta ili niwakodishie watu wa harusi. Wateja walioniita wakawa wa mazishi ya Jumamosi, maana huku kwetu watu huoa kimyakimya lakini huzikwa kwa sauti kubwa. Kisha nikagundua kwamba mwenye maiki ndiye hugeuka msemaji wa shughuli. Wewe umekuja kufunga nyaya, na kabla hujamaliza, mtu anakupa karatasi ya programu: wakwe waongee, wajukuu waongee, watu wa kanisa, watu wa kazini, ukoo wa mama, ukoo wa baba, na kila mmoja amepewa dakika tatu ambazo hakuna aliyezaliwa Seme anayezijua. Na mimi, mtoto wa nne wa mama yangu, niliyekuwa nikijificha nyuma ya ghala wageni wakija, ndiye niliyetakiwa kuwanyamazisha.

Hapo ndipo malaria iliponipenda.

Yule Owiti wa duka la dawa alikuwa akiniona kwa mbali Ijumaa asubuhi anauliza tu, "Baba, ile ya kawaida?" kama mhudumu wa baa. Mara moja moja mama yako alinilazimisha nipimwe. Nilienda kwa Wafula, yule wa maabara ya kliniki ya hapa chini. Akaangalia damu yangu, akasema, "Mzee, hapa hakuna malaria." Nikamwambia hadubini yake ina ukungu. Akaipangusa, akaangalia tena. "Bado hakuna." Nikamwambia basi malaria yangu ni ile ya kujificha kwenye mifupa. Tumegombana na Wafula hivyo miaka na miaka, mpaka akawa akiniona mlangoni anaanza kupangusa hadubini kabla sijasalimu.

Hata mama yako nilimwoa na malaria. Siku niliyoenda Port Victoria kwa wazazi wake mara ya kwanza, nilitetemeka mpaka kikombe kikaimba kwenye kisahani. Baba yake, mzee mpole, mvuvi wa kabila la Banyala, akanihurumia sana. Aliamini kwamba kwetu Seme mbu ni wabaya kupita kiasi, na anampeleka binti yake kufa. Wenzangu walipewa blanketi na sufuria na wakwe zao. Mimi nilipewa chandarua.

Sasa nikueleze lile la Mzee Ogutu, kwa maana umelisikia kwa watu, na watu wameliongezea chumvi. Ilikuwa mazishi karibu na Kombewa. Marehemu aliitwa Okoth. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kaka yake, Mzee Ogutu, mtu mwenye kofia kubwa na maneno mengi, aliyeniita tangu asubuhi bila kupumzika: "Oduor, hii spika inalia. Oduor, punguza. Oduor, ongeza. Oduor, wewe ni fundi ama ni mgeni?" Jenereta ilikuwa imezima mara mbili. Mpwa mmoja wa marehemu alikuwa amenyakua maiki na kuimba beti tano. Nilipofanikiwa kuirudisha, ulimi ulikuwa umekwama juu, programu mkononi inaonekana kama imeandikwa kwa maji, na katika kichwa changu chote kulikuwa na jina moja tu.

"Tafadhali tusimame," nikasema, "tunyamaze dakika moja, tumkumbuke mpendwa wetu aliyetutoka, Mzee Ogutu."

Watu wakasimama. Uzuri wa watu wetu ni kwamba mazishini ukiwaambia simama, wanasimama. Mzee Ogutu mwenyewe akasimama, akaweka soda yake chini ya kiti, akavua kofia, akainamisha kichwa. Ilipita kama nusu dakika kabla hajafungua jicho moja.

"Omera, ndugu yangu Oduor," akasema, na kwa kuwa palikuwa kimya kila mtu alimsikia, "huyo si ni mimi?"

Mjane alijifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika, wanawake wakakimbia kumshika na kumfariji. Alikuwa anacheka. Aliniambia mwenyewe miezi baadaye, tukikutana sokoni, kwamba tangu mume wake augue ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Lakini siku ile mimi sikujua. Nilirudi nyumbani nikameza dozi nzima, nikamwambia mama yako kwamba malaria ilikuwa imepanda kichwani na ni Mungu tu ameniokoa.

Haya yote ni ya kuchekesha, na nimeyaanza makusudi kwa kuwa yanayofuata hayanichekeshi sana.

Asubuhi ya mtihani wako wa darasa la nane ulikaa mbele ya chai bila kuigusa. Soksi zako zilikuwa zimevutwa mpaka magotini. Ukasema, "Baba, naogopa." Maneno mawili tu. Nikaja nikakugusa shingo, nikaikuta baridi na imelowa. Nikakwambia, "Hiyo si kuogopa. Hiyo ni malaria inaingia." Nikakupa vidonge vyangu na uji, tumbo lenyewe likiwa limeshafunga mlango. Ukafika shuleni ukavitapika vyote juu ya viatu vya msimamizi wa mtihani, viatu vipya, vya kahawia. Nililetewa habari hiyo nikasema, mnaona? Nilijua ni malaria.

Ulifaulu, wewe ni wewe. Lakini hukuniambia tena kwamba unaogopa. Ulipofika sekondari, kila ulipokaribia mtihani ulikuwa ukiazima simu ya mwalimu na kuniambia, "Baba, nadhani niko na malaria." Nami nilijisifu kwa majirani kwamba nimelea mtoto anayeujua mwili wake. Uliniletea neno la kweli, nikakunyang'anya, nikakupa la uongo ulitumie badala yake. Ninaona aibu kuandika hivyo, Akinyi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha mwaka jana.

Sitaki kukukumbusha, ila mimi nakumbuka kila kitu. Nafasi ya kazi Lodwar, ya kwanza katika maisha yako. Basi limeshawashwa. Begi lako limeshapandishwa juu. Mama yako anakupa mayai ya kuchemsha kana kwamba Turkana hakuna kuku. Na mimi nikaanza kuhisi vidole vinakufa ganzi, midomo inawasha, kifua kinabana kama nimefungwa mkanda wa mtu mwembamba. Nikakaa chini pale pale, juu ya gunia la mchele wa Ahero la abiria asiyejulikana, nikasema, "Malaria."

Uliangalia basi. Ukaniangalia. Ukamwambia yule makanga, "Shusha begi langu."

Mlinipeleka kwa Wafula, na wewe mwenyewe ulimwomba akupishe uangalie kile kioo chenye damu yangu. Nilikuwa nimelala kwenye benchi nakuona mgongo. Uliangalia muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Basi lilikuwa limeshapita Maseno. Ulikaa nami juma zima ukinipikia uji, na walipopiga simu kutoka Lodwar wakasema wamempa mtu mwingine, uliwaambia "asante" kwa sauti nzuri sana, ukaenda kuanika nguo. Hukulia mbele yangu. Jioni ndiyo ukaja ukakaa kwenye spika hii hii.

"Baba," ukasema, "wewe hauna malaria. Haujawahi kuwa na malaria. Wewe uko na woga."

Nikakasirika. Siku nne sikusema nawe. Mwanamume wa umri wangu, mwenye spika zake na jenereta yake, anaambiwa na mtoto wake ni mwoga! Siku ya tano mama yako akanisogezea chai, akasema, "Baba Akinyi, huyu mtoto amepoteza kazi juu yako. Si basi umsikize tu hata kama anakosea?"

Ndipo ukanieleza ile habari ya kiboko. Nimeirudia kwa watu wengi, nikijifanya ni yangu.

"Baba, assume unatembea hapo kando ya lake, kiboko inatoka kwa maji inakuangalia. Mwili inafanya nini?"

"Inakimbia," nikasema.

"Kabla ikimbie?"

Nikafikiri. Nikasema moyo unapiga.

"Eeh. Moyo inapiga ndio ipeleke damu kwa miguu. Pumzi inaenda mbio. Tumbo inafungwa, juu hakuna mtu husaga ugali akikimbizwa na kiboko. Mate inakauka. Jasho inatoka. Na akili inaona kitu moja tu, hiyo kiboko. Haiwezi kumbuka jina ya mtu."

"Hata Okoth?"

"Hata Okoth. Sasa generator ikikataa kuwaka, mwili yako haijui hiyo ni generator. Inajua tu kuna kiboko. Inakutengenezea mbio, na wewe umesimama hapo na mic. Hizo mbio zote zitaenda wapi?"

Nikaanza kuzihesabu Ijumaa zangu zote. Nikakuuliza kama ni ugonjwa. Ukasema hapana, ni mwili unafanya kazi yake, tena kwa bidii, ila ukifanywa hivyo kila wiki bila kupumzika ndipo unaanza kuumia kweli. Nikakuuliza dawa yake. Ukanifundisha kuvuta pumzi kidogo, kisha kuitoa polepole, ndefu kuliko niliyovuta, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Nikaona ni upuuzi. Owiti angenipa kitu cha kumeza.

Lakini nilijaribu. Sikukuambia. Nilikuwa nikijificha nyuma ya jenereta napoza uji ambao haupo, na mara ya kwanza mama mmoja akanikuta akadhani naombea mashine ianze. Akaniunga mkono, akaomba kwa sauti. Ikawaka. Mpaka leo kule Seme yuko mama anayeamini kwamba nina upako wa jenereta.

Na nikajifunza jambo moja zaidi, ambalo hukunifundisha wewe. Mwezi wa tano, mazishi fulani huko Ahero, maji ya mafuriko yamepungua juzi tu, matope mpaka kwenye vifundo, watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Nikashika maiki, na jina la marehemu likaniondoka tena. Nikamwona kiboko amesimama wazi kabisa kati ya jeneza na hema. Nikapoza uji. Halafu, sijui nilipata wapi ujasiri huo, nikasema kwenye spika zote mbili, "Ndugu zangu, naomba mnivumilie. Naogopa."

Unajua walifanya nini? Mzee mmoja mbele akasema, "Hata sisi, Bwana." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma. Bibi mmoja akanisukumia kiti. Nilipokaa, jina likarudi lenyewe, kama mbuzi aliyekuwa akitafutwa kijiji kizima kumbe yuko nyuma ya nyumba. Sijasema nimepona, maana Ijumaa iliyofuata kiboko alikuja kama kawaida. Ila siku hizi namsalimu.

Nakuandikia haya kwa sababu nimekuona wiki hii, ukijiandaa kwa nafasi hii ya pili ya Lodwar. Umepiga viatu rangi mara tatu. Jana uliuliza kitambulisho chako kiko wapi nacho umekishika. Juzi mama yako alipokuuliza kwa nini huli, ulisema, "Nadhani ni malaria inanishika," kisha ukaniangalia mimi haraka, ukatabasamu kidogo. Mimi sikutabasamu. Nilienda nje nikajifanya nafunga waya. Kwa hiyo huko Lodwar, siku utakapoletewa kazi nyingi kuliko mikono, na mkubwa wako amesimama nyuma yako, na mkono unaoshika kioo ukaanza kutikisika, nakuomba unipigie simu. Usiniambie malaria. Niambie lile neno ulilosema mbele ya chai, na safari hii sitakugusa shingo wala kukupa kitu chochote. Nitakaa tu kwenye simu mpaka ipite.

Sasa nikuambie la leo. Tangu asubuhi nasikia baridi. Magoti yanauma, kichwa kizito, chai imenishinda. Leo ni Ijumaa lakini kesho sina mazishi. Nimekataa kazi ya Maseno ili nikusindikize kesho. Kwa hiyo hakuna jenereta, hakuna programu, hakuna Mzee Ogutu. Ni wewe. Mwili wangu umeona begi lako mlangoni, ukaona kiboko. Na nimeapa kwamba safari hii hataniangusha pale steji ya mabasi, hata nikisimama kwa kushikwa na watu wawili.

Na ili uamini kwamba nimebadilika, nitafanya jambo. Vile vipimo vya haraka vya malaria ulivyoniachia kwenye droo, vyenye karatasi uliyoandika KABLA YA DAWA, PIMA, sijawahi kuvifungua. Nitafungua kimoja sasa hivi, nijichome kidole, na nikibandike hapa kwenye barua uone mstari mmoja peke yake, yaani hakuna malaria, cheti changu cha kuhitimu.

Ngoja.

Akinyi, mistari ni miwili.

Nimefungua cha pili, nikidhani cha kwanza kimeharibika. Miwili.

Nimerudi. Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Nilienda kwa Wafula. Aliponiona mlangoni akachukua kitambaa akaanza kupangusa hadubini. Nikamwambia, "Leo usipanguse, pima tu." Akapima. Akaangalia, akaangalia tena. Kisha akasimama, akanipa mkono.

"Mzee Oduor," akasema, "hongera. Leo umeshinda."

Akamwita nesi aje aone. Nesi akamwita mwenzake. Nililala kwenye lile benchi natetemeka, watu watatu wanapokezana kuangalia malaria yangu, na nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Wafula akanipa dawa, akanieleza jinsi ya kumeza, kwa upole wote, kana kwamba sijawahi kuziona. Akasema tumewahi, haijawa kali, nile, ninywe maji, nipumzike. Nikamwuliza kama kesho naweza kusimama steji kwa saa moja. Akasema nikae kivulini, na nikizidiwa nirudi mara moja.

Ninyi mmerudi nikiwa bado njiani. Kuku mko naye, kama nilivyosema. Nilimwita mama yako nyuma ya nyumba nikamwonyesha vile vipimo. Aliviangalia kama mtu anayeletewa barua iliyopotea posta miaka thelathini.

"Wewe," akasema, "hata ukiletewa ya ukweli, unachagua siku."

Kisha akanigusa paji la uso, akaacha kucheka. Tukaketi kwenye jiwe la kufulia. Hatukuhitaji kuongea sana. Ukijua, utashusha begi. Sisi tunakujua. Utasema ni siku tatu tu za dawa, utawapigia simu, nao watasema asante, na utaenda kuanika nguo. Basi tumekubaliana: mama yako ndiye atakayeshika saa ya vidonge, nami nitashika mdomo. Dozi ya kwanza nimeshameza na nimekula. Kama hali ingekuwa mbaya angenipeleka hospitali usiku huu huu, na angekuambia, tulikubaliana hata hilo. Ukiniona kesho nimesimama pale, ujue yeye ameruhusu.

Nikiwa nimekaa hapa nimezilinganisha, hii ya kweli na zile zangu zote za Ijumaa. Zinafanana sana, usinicheke. Baridi ni ile ile, magoti ni yale yale. Mwili haukuwa ukinidanganya miaka yote hiyo. Ni mimi niliyekuwa nikiupa jina moja kwa kila kitu, na leo mchana nilikuwa nimeanza tena kosa lile lile kwa jina jipya. Bila ile karatasi yako kwenye droo ningepoza uji mpaka nife. Kwa hiyo, kazi hiyo uliyoiendea, ya kuangalia kwanza ndipo useme, usidhani ni ndogo. Umeanza nayo kwa baba yako.

Nakusikia jikoni unabishana na mama yako kwamba huwezi kupanda basi la Lodwar na kuku aliye hai. Unacheka, lakini sauti yako iko juu kidogo kuliko kawaida yake. Najua ni nini. Natamani kuja kukwambia, ila nina joto, na wewe una mikono ya maabara.

Sasa lile la afya nililoliacha mwanzoni. Mimi si mzima. Nina malaria, ya mbu, imepimwa mara tatu, na shahidi ni Wafula. Kesho asubuhi nitavaa lile koti langu zito la mazishi nifunge vifungo vyote, na mama yako atasimama katikati yetu. Lakini lazima utakuja kunikumbatia, na utanisikia natetemeka, na utaniuliza kwa ile sauti yako ya chini, "Baba, ni malaria?"

Nitakujibu, "Hapana, mama. Ni woga tu."

Utaniamini, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha, na utapanda basi. Miaka thelathini nimeuita woga malaria, na gharama yake umeilipa wewe. Nisamehe siku moja hii nikiita malaria woga.

Ukimaliza kusoma utakuwa umeshafika, nami nitakuwa namaliza dozi. Usirudi. Piga simu.

Mimi baba yako,
Oduor wa Spika

Vile vipimo viwili nimevibandika hapa chini. Najua utaviangalia tena mwenyewe kabla hujaniamini. Ndivyo inavyotakiwa.